Chai ya Saa Saba: Neno, Kinywaji na Mlo wa Mchana katika Tandale

Swali "Umekunywa chai?" likiulizwa jijini Dar es Salaam saa mbili ya asubuhi, halihusu kinywaji hasa. Anayeulizwa aweza kuwa amekula mihogo ya kuchemsha kwa maji matupu, au supu ya utumbo kwa chapati mbili, bila kuonja hata funda moja la chai, naye akajibu kwa moyo mweupe kwamba amekunywa. Chai hapo ni jina la mlo. Jua likifika utosini swali hilo halimfai mtu tena, linaloulizwa ni "Umekula?" Hata hivyo, katika vibanda vya chakula vinavyozunguka soko la nafaka la Tandale, wilayani Kinondoni, wapo wanaoketi saa saba mchana mbele ya kikombe cha chai ya rangi na chapati, wakamaliza, wakanyanyuka kurudi kazini, na wakiulizwa kama wamekula, hujibu: "Sijala, nimekunywa chai tu."

Neno "tu" katika jibu hilo ndilo lililozaa mhadhara huu. Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba, katika Kiswahili cha uswahilini mwa Dar es Salaam, uteuzi wa chai ya kwenda na chakula cha mchana hauongozwi na ladha peke yake. Unaongozwa kwanza na mahali pa chai katika mpangilio wa siku, na pili na kuwapo au kutokuwapo kwa mchuzi katika sahani. Asiyeielewa kanuni hiyo ya lugha hawezi kuzisoma vyema takwimu za milo ya watu wa mjini, na aweza hata kumpotosha mgonjwa.

Asili ya neno

Lugha nyingi za dunia zimelipata jina la kinywaji hiki kutoka China kwa njia mbili. Njia ya bahari ilitoka katika lahaja za Fujian, ambako husemwa *te*. Waholanzi wakalisambaza Ulaya magharibi, na ndiko Kiingereza kilikopata *tea*. Njia ya nchi kavu ilibeba umbo *cha*, ambalo lilipofika Uajemi likaongezewa kiishio na kuwa *chay*. Kutoka Uajemi likaenea kwa Warusi, Waturuki na watu wa Bara Hindi.

Kiswahili kimo katika kundi hili la pili, na umbo la neno lenyewe linatoa ushahidi. Wareno, waliokuwa na nguvu katika pwani yetu kwa vipindi mbalimbali tangu 1498 hadi 1729, husema *chá*, kwa kuwa wao walilichukua neno moja kwa moja kutoka Macau. Lingetoka kwao, lisingekuwa na *i* mwishoni. Kiarabu sanifu nacho husema *shay*, na Kiswahili hakina sababu ya kuigeuza *sh* ya Kiarabu kuwa *ch*: sheria, shukrani na shetani zimebaki na *sh* zake. Linalobaki ni kwamba chai iliingia pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi, Uajemi au Ghuba, ambako *ch* hutamkwa. Vyombo na viungo vyake vinasimulia safari za namna hiyo. Birika na sufuria vina asili ya Kiarabu. Chapati ni ya Kihindi. Mdalasini umetokana na *darsini*, yaani mti wa China, jina ambalo Waarabu walilipata kwa Waajemi. Kikombe peke yake ndicho mwenyeji, mtoto wa kombe la pwani.

Lililo muhimu zaidi ni jinsi neno hilo geni lilivyozaa. Majani yale marefu yenye harufu ya limau yanayooteshwa uani yanaitwa mchaichai. Mtindo wa kurudufu shina ili kuonyesha mfanano ni wa Kibantu, na kiambishi *m-* ni cha ngeli ya miti. Neno likishafikia kuwa kipimo cha kuitia vitu vingine majina, limekwisha kuwa la nyumbani.

Jina la mahali na jina la wakati

Kahawa na chai hukaa jirani katika kamusi na katika mitaa, lakini lugha imezigawia kazi tofauti. Kahawa ilikipa Kiswahili jina la mahali: mkahawa, na baadaye mgahawa, maneno yenye shina moja na kahawa yenyewe. Mkahawa hapo kale palikuwa mahali pa kunywea kahawa na kuzungumza. Leo ni mahali pa kula chochote. Kahawa chungu bado inauzwa kwa vikombe vidogo vijiweni, ikisindikizwa na kashata au tende, na hakuna anayeihesabu kuwa mlo. Ni kinywaji cha mazungumzo.

Chai kwa upande wake ilikipa Kiswahili jina la wakati. Staftahi, neno lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya kufungua, lingali likisikika Zanzibar. Kifungua kinywa kimekuwa cha vitabu na mialiko. Lakini katika kauli za kila siku za Dar es Salaam mlo wa asubuhi ni chai. Katika ofisi na viwanda ikazuka "chai ya saa nne". Lugha imetenda hivi kwingineko pia. Wakantoni husema *yam cha*, yaani kunywa chai, wakimaanisha mlo kamili wa vitafunio vingi, na kaskazini mwa Uingereza *tea* ni jina la chakula cha jioni. Tofauti ni kwamba kwa Waingereza wale jina liliendea mwisho wa siku ya kazi, na kwetu likaendea mwanzo wake.

Chai pia imekuwa kipimo cha udogo. "Pesa ya chai" ni shukrani ndogo, kisha ikawa hongo. Warusi nao huita bakshishi "ya chai". Katika kauli za vijana wa karibuni chai ni uongo, hadithi isiyo na mashiko. Matumizi haya matatu yanakutana katika wazo moja: chai ni kitu chepesi, kitangulizi, ambacho hakijafikia kuwa chenyewe. Wazo hilo ndilo limejificha katika "tu" ya Tandale.

Kinywaji cha mshahara

Mchai ulipandwa kwa majaribio na Wajerumani huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 1926, chini ya utawala wa Waingereza, ukaenea Usambara, Mufindi na Rungwe. Mwanzoni zao hili halikukusudiwa kinywa cha mkulima wala cha mpagazi. Lilikusudiwa soko la ng'ambo. Bei ya dunia ilipoporomoka, nchi kubwa zilizozalisha chai zilifunga mapatano mwaka 1933 ya kupunguza mauzo ya nje, na wafanyabiashara wakaanza kutafuta wanywaji wapya katika makoloni.

Teknolojia ilisaidia. Katika miaka ya 1930 huko Assam, India, ilibuniwa mashine ya kuponda, kuchana na kuviringa majani, ambayo badala ya majani marefu hutoa chembe ndogo. Chembe hizo hutoa rangi nzito kwa haraka, hustahimili kuchemshwa pamoja na maziwa, na kijiko kimoja hutosha birika zima. Namna hiyo ya usindikaji baadaye ikatawala Afrika Mashariki. Chai ya rangi iuzwayo Tandale, nyekundu iliyokolea, isingewezekana kwa bei ya mtu wa kibarua kama si chembe hizo.

Sidney Mintz, mwanaanthropolojia wa Marekani, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu sukari, alionyesha jinsi chai yenye sukari pamoja na mkate ilivyochukua nafasi ya chakula moto katika nyumba za wafanyakazi wa Uingereza wakati wa mapinduzi ya viwanda. Kinywaji cha moto kilikifanya chakula baridi kionekane mlo. Dar es Salaam haikuwa Manchester, lakini mantiki ya mshahara ilifanana. Mtu anayeingia kazini asubuhi na mapema hawezi kusubiri ugali usongwe. Anahitaji kitu cha moto, chenye nguvu ya haraka, kinachonunulika kwa sarafu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni iliweka mgawo wa chakula mjini, na viwango vyake vilitofautiana baina ya Waafrika, Waasia na Wazungu. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, wakagoma tena 1947, na ukali wa maisha ulikuwa miongoni mwa sababu. Mlo wa mfanyakazi haukuwa jambo la jikoni tu hata zamani hizo.

Kitoweo, kitafunio na kushushia

Watu wa mataifa mengine wana vitabu vya kueleza chai ipi inywewe na chakula kipi: ya kijani na samaki, nyeusi na nyama, na kadhalika. Kiswahili hakina orodha ya namna hiyo, na ni kosa kudhani kwamba kwa hiyo hakina kanuni. Kanuni zimo katika vitenzi.

Kitenzi cha kwanza ni *kutowea*, kula chakula kikuu kwa kitu cha kukiwezesha kushuka. Kutoka hapo tunapata kitoweo. Ugali na wali ndio chakula. Samaki, nyama, maharage au mchicha ni kitoweo. Mwenye ugali bila kitoweo hasemi kwamba ana chakula pungufu, husema hana cha kulia. Kitenzi cha pili ni *kutafuna*, kilichotoa kitafunio na kitafunwa, yaani andazi, chapati, kitumbua, kiazi au muhogo unaokwenda na chai. Mpangilio umepinduka. Mchana kigumu ndicho kikuu na cha majimaji ndicho kisindikizo. Asubuhi cha majimaji ndicho kikuu, na kigumu kimeitwa kwa jina la kusindikiza. Ndiyo maana asubuhi mtu huuliza "chai kwa nini leo?" akitaka kujua vitafunio, kama vile mchana angeuliza "ugali kwa nini?" akitaka kujua kitoweo. Chai isiyo na kitafunio huitwa chai kavu. Mgeni wa lugha hushangaa kinywaji kuitwa kikavu, lakini neno hilo lina mantiki yake, kwa kuwa hata ugali usio na mchuzi ni mkavu.

Kitenzi cha tatu ni *kushushia*. Maji ya kushushia, soda ya kushushia: kinywaji kinachokuja baada ya tonge, kisichohesabiwa katika mlo. Na cha nne, ambacho mara nyingi hakizingatiwi, ni *kuchovya*. Tonge huchovywa katika mchuzi, na andazi huchovywa katika chai. Kitendo ni kimoja, mkono ni mmoja, na lugha imekiita kwa neno moja.

Kutokana na vitenzi hivi kanuni inajitokeza. Chai hukaa mahali ambapo mchuzi haupo. Vyakula vikavu (muhogo, kiazi kitamu, mkate, andazi) huomba chai. Vyakula vyenye mchuzi huikataa. Mtu aliyepakuliwa wali kwa samaki wa nazi akaletewa na chai ya maziwa kando yake ataona kwamba amechanganyiwa saa mbili katika meza moja. Atakachotaka ni maji, au maji ya ukwaju, au soda ikiwa mfuko unaruhusu. Kanuni hii si ya Dar es Salaam pekee. Mombasa mahamri huliwa kwa mbaazi za nazi na chai ikawa pembeni, na mtu aweza kudhani huo ni ushahidi wa kinyume, kwa kuwa mbaazi zina tui. Lakini mlo huo ni wa asubuhi, na hamri ni kitafunio tangu mwanzo. Mbaazi ndizo zilizoalikwa. Mlo unaovuka mpaka hubeba pasipoti ya ulikotoka.

Ndani ya kundi la vyakula vikavu ndipo ladha inapopewa nafasi yake. Kiazi kitamu na muhogo wa kuchemsha, ambavyo havina mafuta, hupendelewa kwa chai ya maziwa inayovilainisha. Chapati, sambusa na maandazi, ambavyo tayari vimekaangwa, hupendelewa kwa chai ya rangi. Maziwa juu ya mafuta humchosha mlaji. Tangawizi huongezwa penye mafuta mengi na penye baridi ya masika, iliki na mdalasini penye mgeni. Mchaichai huokoa nyumba iliyoishiwa majani. Ndimu hukamuliwa katika chai ya rangi pekee, kwa sababu maziwa yangekatika. Hayo yote hayakuandikwa popote, lakini mama ntilie anayempa mteja wa chapati chai ya maziwa bila kumwuliza atarudishiwa kikombe.

Saa saba Tandale

Tandale ni kata iliyobanana kati ya Manzese, Magomeni, Sinza na Mwananyamala, yenye mitaa kama Mtogole, Pakacha, Mkunduge na Kwa Tumbo, na Mto Ng'ombe ukipita kandokando yake na kuingia majumbani wakati wa masika. Ilikua bila ramani ya mipango miji. Katika miaka ya 1970 jirani yake Sinza ilipimiwa viwanja, na Manzese ikaboreshwa kwa mradi wa kitaifa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Tandale iliendelea kujazana yenyewe. Ilipofika mwaka 2011 vijana wa kata na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi ndio waliozunguka na vifaa vya kupimia wakachora ramani ya vichochoro, visima na vyoo vyake.

Umbali umebadilisha mlo wa mchana. Mfanyakazi wa Kariakoo ya zamani, ambako nyumba na kazi vilikuwa karibu, aliweza kurudi kula kwake. Aliyehamia Tandale na kufanya kazi mjini hawezi. Na anayetoka Mbagala kuja kufanya kibarua Tandale hawezi vilevile. Chakula cha mchana kikatoka uani kikaja barabarani. Aliyekipika ni mama ntilie, na jina lake ni sentensi nzima: "Mama, n'tilie", nipakulie. Limebeba ndani yake matamshi ya pwani, ambayo humeza irabu ya *ni*, na pia heshima ya kumwita mama mwanamke anayemlisha mtu, hata kama kwa umri ni mdogo wake. Jina hilo lilistawi katika miaka ya dhiki ya mwishoni mwa 1970 na ya 1980, wakati mishahara ilipopoteza thamani na kila nyumba ikatafuta biashara ya pembeni. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, iliyokusudia kuwaondoa mijini wasio na kazi, ilizifanya biashara ndogo zitazamwe kwa jicho la mashaka. Leo maofisa husema mama lishe, neno zuri la semina. Vibandani jina la zamani halijatoka.

Soko la Tandale ni mojawapo ya masoko ambako mahindi, mchele na maharage ya kulisha Dar es Salaam hushushwa kutoka mikoani. Magunia hubebwa migongoni. Mbebaji hulipwa kwa gunia, na siku isiyo na malori haina malipo. Hapo ndipo kanuni ya kitoweo inapokutana na ya mfuko. Sahani ya wali maharage na kisamvu, au ugali na dagaa, ina bei yake; chapati moja na chai ya rangi ina bei ndogo zaidi. Kati yake kuna chapati maharage, chakula cha kuvutia kwa mwanaisimu, maana kina rojo na bado huagizwa kwa chai. Kwa kanuni iliyoelezwa hapo juu kisingehitaji chai hata kidogo. Maelezo ni kwamba chapati, kama hamri la Mombasa, ni mwana wa asubuhi aliyevuka kuja mchana, akaja na kikombe chake mkononi. Maharage yanamfanya afanane na chakula. Chai inaendelea kumshuhudia kwamba ni chai.

Kwa hiyo mchana wa Tandale una ngazi, na lugha inazitaja zote. Mwenye sahani amekula. Mwenye chapati maharage na chai atasema amekula, au amekunywa chai, kulingana na anayemwuliza. Mwenye kitafunio na chai amekunywa chai tu. Asiyepata kitu mpaka jioni amepiga pasi ndefu, msemo uliotoka uwanja wa mpira, kwamba mpira umerushwa kutoka nyuma hadi mbele bila kugusa katikati. Msemo huo huchekesha, na umebuniwa uchekeshe. Lakini aliyeubuni alikuwa akihesabu milo. Inafaa kuongeza kwamba "nimekunywa chai tu" haisemwi kwa kulalamika. Mara nyingi husemwa kwa adabu, ili mwenzake asijione analazimika kumkaribisha.

Sukari

Katika kikombe hicho kinacholisha ni sukari. Majani ya chai yenyewe hayana nguvu ya kumwinua mbebaji wa gunia. Vijiko vitatu vidogo vya sukari, gramu zipatazo 12, vina takriban kalori 50. Si nyingi, lakini huingia mwilini upesi, na pamoja na ngano na mafuta ya chapati humfikisha mtu jioni. Ndiyo maana chai isiyo na sukari, ambayo kwa Wachina ndiyo chai hasa, Tandale ni chai ya mgonjwa.

Kwa sababu hiyohiyo, sukari inapoadimika kinachopotea ni mlo. Ilikuwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, baada ya vita vya Kagera, ambapo foleni za sukari zilikuwa sehemu ya maisha ya mjini. Ikawa hivyo tena mwanzoni mwa 2024, mvua kubwa zilipokwamisha uvunaji wa miwa na bei ikapanda nchi nzima. Kwa mwenye sahani hayo yalikuwa ni usumbufu wa asubuhi. Kwa mwenye kikombe ilikuwa bei ya chakula cha mchana.

Chai, dawa na takwimu

Liko jambo moja la kitaalamu ambalo wapishi wa pwani hawakulijua kwa jina. Chai ina viambato vinavyojifunga na madini ya chuma yaliyomo katika mimea, kama vile maharage na mboga za majani, yakashindwa kufyonzwa mwilini. Ikinywewa pamoja na mlo wa namna hiyo huweza kupunguza ufyonzaji kwa zaidi ya nusu. Ikinywewa saa moja baadaye madhara hupungua sana. Vitamini C hufanya kinyume: husaidia chuma kufyonzwa. Kwa hiyo ndimu katika chai ya rangi, na kachumbari ya nyanya pembeni mwa maharage, zinarudisha sehemu ya kile ambacho chai inachukua. Mchana wenye nyama nyingi haujali sana hayo, kwa sababu chuma cha nyama hakiathiriwi kwa kiasi hicho. Mchana wa chapati maharage unajali.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wakiwa na upungufu wa damu, na miongoni mwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ilikuwa asilimia 58. Malaria, minyoo, uzazi wa karibukaribu na lishe duni vina mchango mkubwa kuliko kikombe cha chai, na itakuwa dhuluma kumtwika mama ntilie mzigo huo. Lakini wajawazito hupewa kliniki vidonge vya chuma, na hapo ndipo neno linapoweza kudhuru. Maelekezo ya kawaida ya dawa katika Kiswahili ni "meza asubuhi baada ya chai". Aliyeyatoa amekusudia baada ya mlo wa asubuhi. Kwa dawa nyingi kauli hiyo haina kosa. Kwa kidonge cha chuma inampeleka mama moja kwa moja kwenye kikombe ambacho kidonge kilipaswa kukikwepa. Kinyume chake, akiambiwa "usinywe chai na dawa hii", aweza kuelewa kwamba ameze kabla hajala kitu, akichefukwa aiache dawa kabisa. Kauli zote mbili ni za Kiswahili fasaha, na zote mbili zinaangushwa na neno lenye maana mbili.

Hali kadhalika takwimu. Tafiti za matumizi ya kaya, kama zile za 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18, na nyingine nyingi ndogo za lishe, huhitaji kujua mtu amekula nini. Mdadisi akiuliza "Jana ulikula mara ngapi?", mbebaji wa Tandale aliyekunywa chai asubuhi, akanywa chai tu saa saba, akala ugali usiku, ana haki ya kujibu mara moja, mara mbili au mara tatu, na majibu yote matatu ni ya kweli. Akijibu moja ataandikwa mwenye njaa. Akijibu tatu ataandikwa mwenye kutosheka. Hakuna hesabu ya kitaalamu inayoweza kuirekebisha tofauti hiyo baada ya dodoso kukunjwa.

Marekebisho yenyewe ni madogo na yamo ndani ya lugha. Mdadisi aulize kwa saa na kwa kitu: "Saa saba ulitia nini mdomoni? Kwa nini?" Hiyo "kwa nini" ni ile ya kitoweo na kitafunio, na kila mtu wa Tandale ataielewa bila kufafanuliwa. Mhudumu wa kliniki naye aseme: "Kidonge hiki kimeze kwa maji, ukishakula, majani ya chai yasubiri saa moja." Kusema "majani" badala ya "chai" kunakiacha kinywaji peke yake, na mlo unabaki salama. Mama akishaelezwa hivyo, jioni atarudi jikoni kwake Pakacha au Mtogole, atapika maharage, atakata nyanya na kitunguu, atakamulia ndimu, na birika atalibandika baadaye.